Uzito Kwanza: Hesabu ya Dawa ya Minyoo kwa Kuku wa Nyumbani

Kuku anayejitafutia chakula uani huokota, pamoja na punje na wadudu, mayai ya minyoo yaliyotoka katika kinyesi cha kuku wenzake. Anayejulikana zaidi kati ya minyoo hao ni Ascaridia galli, mnyoo mviringo mweupe anayeishi katika utumbo mwembamba, ambaye hudhoofisha ukuaji na utagaji, na wakizidi wingi huweza kuuziba utumbo kabisa. Dawa za kumtoa zinapatikana, lakini nyingi hupotea bure kwa sababu hupimwa kwa kuhesabu vichwa vya kuku, ilhali kipimo sahihi hutokana na uzito wa miili yao.

Dozi ni kiasi cha dawa kinachohitajika kwa kila kilo ya mwili, nacho hutajwa kwa miligramu, yaani sehemu ya elfu ya gramu. Kwa levamisoli, dawa inayofahamika katika maduka ya dawa za mifugo, kiwango cha kawaida kwa kuku ni miligramu 20 hadi 25 kwa kilo, mara moja. Tuseme banda lina majogoo 2 wa kilo 2.2 kila mmoja, mitetea 8 ya kilo 1.5 na kuku wadogo 10 wa kilo 0.6: uzito wote ni kilo 22.4, ambao ukizidishwa kwa miligramu 25 unatoa miligramu 560. Mfugaji ambaye angewachukulia kuku wote 20 kuwa wa kilo 1.5 angepata miligramu 750, yaani theluthi moja zaidi ya inayotakiwa.

Hatua ya pili ni kusoma nguvu ya dawa kwenye kifuko. Unga wa asilimia 20 una miligramu 200 za dawa katika kila gramu, kwa hiyo miligramu 560 ni gramu 2.8, unga wa asilimia 10 ungehitajika gramu 5.6, na anayetumia kijiko kilekile kwa aina zote mbili huwapa kuku wake nusu dozi bila kujua. Kwa kuwa gramu 2.8 ni vigumu kupimika nyumbani, unga unaoyeyuka majini, gramu 10 za asilimia 20, waweza kuchanganywa na maji hadi ufikie mililita 100, ili kila mililita iwe na miligramu 20. Hapo jogoo hupewa mililita 2.75 na kuku mdogo mililita 0.75 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole na pembeni mwa mdomo ili dawa isiingie katika njia ya hewa. Njia hii ni sahihi kuliko kuitia dawa katika chombo cha maji, ambako mwenye nguvu hunywa kwa wingi na mgonjwa, anayeihitaji zaidi, hunywa kidogo.

Sababu ya ukali huu wa kipimo imo katika namna dawa inavyofanya kazi. Levamisoli hukaza misuli ya mnyoo hadi apooze, naye hushindwa kujishikilia na kutolewa na mwendo wa utumbo, jambo linalohitaji dawa ya kutosha kwa wakati mmoja. Fenbendazoli, kwa upande wake, huvuruga mirija midogo ndani ya seli za mnyoo na kumnyima nguvu taratibu, ndiyo maana hutolewa miligramu 1 kwa kilo kila siku kwa siku 5. Dozi pungufu huua minyoo dhaifu na kuwaacha wenye uwezo wa kuistahimili, ambao huzaliana na kurithisha usugu. Nchini Marekani usugu dhidi ya fenbendazoli umethibitishwa kwa Ascaridia dissimilis, mnyoo wa bata mzinga.

Dozi iliyozidi nayo ina gharama, kwa maana mabaki ya dawa huweza kuingia katika mayai. Kiini cha yai hujengwa zaidi katika siku 10 hivi za mwisho kabla ya kutagwa, hivyo mayai ya siku kadhaa baada ya tiba huweza bado kubeba dawa. Kwa hiyo muda wa kuacha kula na kuuza mayai na nyama, ulioandikwa kwenye kifuko au kutolewa na daktari wa mifugo, huheshimiwa kama dozi yenyewe, na mizani hutangulia kila tiba, kwa kuwa kuku mdogo wa leo atakuwa na uzito mwingine minyoo watakaporudi.