Kinoru Tuiachie Nafasi ya Kazi

Neno "kiwanja" lina la kutufunza sisi wakazi wa Meru. Ni "uwanja" uliopunguzwa kwa kiambishi ki-. Uwanja ni mahali pa umma. Kiwanja, katika mazungumzo ya siku hizi, ni ploti ya futi 50 kwa 100 yenye mwenyewe na ua wa mabati. Mtaani Kinoru maneno haya mawili ni majirani: uwanja wa michezo upo, na viwanja vya nyumba za kupangisha vinazidi kuusogelea.

Sina ugomvi na mwenye shamba anayekata viwanja. Ana watoto wa kusomesha, na wapangaji humletea kodi kila mwezi pasipo kungoja bei ya kahawa. Lakini mji ukijengwa vyumba vya kulala pekee, wanaolala humo watafanya kazi wapi? Hatuna uhaba wa wasomi. Chuo Kikuu cha Kimethodisti kilichoko Kaaga kilipata hati yake mwaka 2006, na kile cha Sayansi na Teknolojia huko Nchiru mwaka 2013. Aghalabu mahafali yakiisha, vijana hufunga virago kuelekea Nairobi.

Hebu tupige hesabu. Ekari moja ina futi za mraba 43,560, kwa hiyo viwanja vyake havifiki tisa, hata kabla ya kuondoa barabara. Mwajiri anayehitaji ekari tano kwa ofisi au kiwanda cha kusindika matunda atalazimika kujadiliana na wenye ploti wapatao arobaini na kukagua hatimiliki zao zote. Miongoni mwazo hazikosi zile ambazo mwenyewe alifariki na ndugu wangali mahakamani. Nani atakayesubiri? Atakwenda kwingine. Ardhi iliyokwisha kukatwa vipande ni vigumu mno kuiunganisha tena, na ndiyo sababu nasema itengwe sasa.

Uwezo wa kisheria upo. Kifungu cha 66 cha Katiba ya 2010 kinairuhusu Serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya mipango, nayo sheria ya mipango ya mwaka 2019 inaipa kaunti mamlaka ya kukubali au kukataa maombi ya kugawanya ardhi na kubadilisha matumizi yake. Ikihitajika ardhi ya mtu binafsi, alipwe fidia ya haki.

Najua msomaji atauliza: ikishatengwa, ni nani atakayeilinda? Swali hili si la bure. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003, ilifichua namna ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Kwa hiyo kutenga kwa maneno hakutoshi. Ardhi ipimwe, isajiliwe, na ramani yake ibandikwe mahali pa wazi. Uwanja wa Kinoru wenyewe ulikarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya 2018, ambayo Kenya ilipokonywa mwaka 2017 yakapelekwa Morocco. Mashindano yalikwenda, ardhi ikabaki, kwa kuwa haikuwa imekatwa ploti.

Walimu wa jiografia wana nafasi yao hapa. Wawapeleke wanafunzi katika ofisi ya mipango ya kaunti, waombe kuona ramani ya Kinoru, na waulize ni sehemu gani iliyoandikiwa kazi.