Maradhi ya Moyo na Nasaba ya Wakurdi (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza namna mshipa unaolisha moyo unavyosongwa na mafuta, hata damu ikagandia humo na sehemu ya msuli ikafa; leo twauliza kwa nini msiba huo, katika kaumu ya Wakurdi iishiyo milimani baina ya Uturuki, Iraki, Irani na Syria, humfika mtu huyu ukamwacha jirani yake, hali wote wawili hula samli ileile.

Wanazuoni wa Kermanshah, mji wa Wakurdi ulioko magharibi ya Irani, wamezichungua damu za wagonjwa wao wakazilinganisha na za watu wenye afya, wakizitafuta jeni zilizokwisha kushukiwa kwingineko. Mojawapo ni ya Faktori V Leiden, iliyotambuliwa katika mji wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1994. Kwa desturi, damu ikishaganda kiasi cha kuziba jeraha, iko protini ambayo kazi yake ni kuikata faktori ya tano (V), protini isaidiayo damu kuganda, ili kuganda kukome. Lakini aliyerithi badiliko la Leiden, ambalo ni la herufi moja tu ya jeni, pale mahali pa kukatwa pamegeuka, basi damu yake huendelea kuganda pasipo haja. Madhara yake makubwa huwa katika mishipa irudishayo damu, aghalabu ya miguuni. Katika mishipa ya moyo athari yake ni ndogo, ila huzidi kwa vijana wavutao tumbaku.

Badiliko hilo wanalo takriban watu 5 katika kila 100 wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika ni nadra mno. Ndiyo maana naona wanazuoni wale walifanya insafu kuwapima Wakurdi wenyewe, badala ya kuwavika hesabu ya watu wengine.

Pamoja na hayo, uchunguzi wa nchi 52 uliotangazwa mwaka 2004 ulidhihirisha kwamba mambo 9, yakiwamo tumbaku, lehemu, shinikizo la damu na kisukari, ndiyo yabebayo zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa moyo. Na mengi katika hayo yatibika au yaepukika. Basi, ewe msomaji, ikiwa baba yako au ndugu yako wa kiume alipatwa na mshtuko huo kabla ya kutimiza miaka 55, mwambie tabibu habari hiyo, ukapimwe mapema, wala usingoje maumivu ya kifua.