Tabia Njema Katika Uislamu: Deni Lisilolipwa kwa Swala

Mhariri wa jarida hili aliponijia bwenini na kuniomba niandike makala kuhusu umuhimu wa tabia njema katika Uislamu, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Niliona ni kazi rahisi. Mimi ndiye mwenyekiti wa chama cha wanafunzi Waislamu hapa shuleni, somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu nalipata A kila muhula, na mambo ya akhlaki nimeyasoma tangu niko madrasa. Basi nikashika kalamu, nikajaza kurasa mbili za mawaidha: tuwaheshimu wazazi, tuseme kweli, tusisengenye. Nikazisoma tena, kisha nikazichana. Yote niliyoandika yalikuwa sahihi, lakini mwandishi wake hakuwa na uso wa kuyasema. Wacha nieleze.

Kwanza neno lenyewe. Akhlaki ni neno la Kiarabu, na umoja wake ni khuluq. Mzizi wake ni ule ule wa khalq, yaani uumbaji au umbile, na sisi Waswahili tunalo neno hulka la mzizi huo huo. Maana yake ni kwamba kama vile mtu alivyo na sura ya uso, basi na nafsi nayo ina sura yake. Mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kuwa tabia ni hali iliyokita mizizi ndani ya nafsi, na kutokana na hali hiyo vitendo hutoka kwa wepesi, bila mtu kukaa akifikiri. Hebu yatazame vizuri maelezo hayo. Kwa kipimo chake, ukitoa sadaka mara moja kwa kuwa watu wanakuona, hiyo bado si tabia. Tabia ni kile kinachokutoka ghafla, umechoka, una njaa, na mbele yako yupo mtu asiyeweza kukufanya lolote.

Hapo ndipo niliponaswa mimi.

Mwezi wa Ramadhani uliopita tulikuwa Waislamu 31 katika shule yetu. Shule iko bara, na wanafunzi wengi pamoja na wafanyakazi si Waislamu. Hata hivyo tuliruhusiwa kula daku, na mpishi mmoja mzee akajitolea kuamka ili atupashie chakula. Yeye mwenyewe si Mwislamu. Alikuwa akitoka kwake saa tisa usiku, kwa miguu, ili ikifika saa kumi sisi tuwe tumeshaketi. Wanafunzi walikuwa wamempachika jina la Mwiko, kwa kuwa ni mrefu, mwembamba, tena ana kichwa kipana. Jina hilo nililikuta, sikulianzisha mimi. Lakini nililitumia kama wengine, tena mbele yake.

Usiku mmoja mvua ilinyesha kuni zikaloa. Githeri ikaja inanuka moshi, chini imeungua, juu baridi. Mimi nina usingizi, nina hasira, na wenzangu wote wananitazama mimi mkubwa wao nitasema nini. Nikapaza sauti: "We Mwiko, kwenu hakuna aliyewahi kula chakula kilichoiva? Nani alikufunza kupika?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee hakujibu neno. Aliinua sufuria, akarudi nayo jikoni. Muda si muda nikasimama mbele ya safu, nikawaswalisha wenzangu swala ya Alfajiri. Nakumbuka siku hiyo nilisoma kwa sauti nzuri.

Shule ilipofungwa nilikwenda nyumbani Mombasa, na jioni moja nikamsimulia babu kisa hicho kama kichekesho. Babu hakucheka. Akaniuliza, "Umemtaka radhi?" Nikamwambia, "Lakini babu, si nimefunga mwezi mzima? Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe." Akanijibu polepole, "Mungu husamehe yaliyo yake, mjukuu wangu. Ya yule mzee yako kwa yule mzee."

Huu ndio msingi ambao wengi wetu tunausoma madrasani na kuusahau mlangoni. Maulamaa hugawanya haki mafungu mawili. Kuna haki ya Mwenyezi Mungu, kama vile swala na saumu, na kuna haki ya waja, yaani ya binadamu wenzetu: mali zao, damu yao, heshima yao. Mtu akikosea katika fungu la kwanza, toba yake ina masharti matatu: aache kosa, ajute, na aazimie kutolirudia. Akikosea katika fungu la pili, sharti la nne huongezeka. Lazima amrudishie mwenziwe haki yake, au amwendee amwombe amwachilie. Ukimwibia mtu shilingi 500, ukakesha msikitini ukilia mpaka asubuhi, zile shilingi 500 bado ni zake.

Mtume Muhammad aliwaeleza jambo hili masahaba wake kwa swali. Aliwauliza kama wanamjua muflisi ni nani. (Neno hilo tunalo hata katika Kiswahili, na ndugu yake ni kufilisika.) Wakasema ni yule asiye na pesa wala mali. Yeye akawaambia kuwa muflisi katika umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala zake, saumu zake na zaka zake, lakini huku alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya fulani, akampiga fulani. Basi kila aliyedhulumiwa atapewa katika mema ya mtu huyo. Mema yakimalizika kabla madeni hayajaisha, atabebeshwa maovu ya wale aliowadhulumu, kisha atupwe motoni. Hadithi hiyo imo katika mkusanyo wa Imamu Muslim, na nilikuwa nimeijibia mtihani. Sikujua kwamba inanihusu mimi na githeri.

Wewe usiye Mwislamu usifunge ukurasa, maana mpishi aliyetukanwa hapa si Mwislamu, na haki yake haipungui kwa sababu hiyo. Kabla Mtume hajahama Makka mwaka 622, watu wa mji ule, wakiwamo waliompinga, walikuwa wakiweka amana zao kwake. Tangu ujanani walimwita Al-Amin, yaani mwaminifu. Usiku alioondoka, huku wao wanapanga kumwua, alimwacha binamu yake Ali nyuma ili amrudishie kila mtu amana yake. Nadhani angekuwa mmoja wetu angesema: si wao ndio wanaonifukuza? Acha nichukue fidia!

Kuhusu majina ya kubandikana, Kurani imelisema wazi katika Sura ya 49, Al-Hujurat. Aya ya 11 inakataza watu kudharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa ndio bora, na inakataza kuitana kwa majina mabaya. Inayofuata inakataza dhana mbaya, kupeleleza aibu za watu na kusengenya. Na ukitaka kusoma sura fupi itakayokunyima usingizi, soma Al-Maun, sura ya 107. Ina aya saba tu. Inaanza na anayemsukuma yatima na asiyehimiza maskini alishwe, kisha inawageukia wenye kuswali huku wanaipuuza swala yao, wanajionyesha, na wananyima hata msaada mdogo wa kuazimana vyombo. Yaani mtu yuko kwenye mswala, na onyo linamfuata pale pale.

Lakini kisa kilichonikaa zaidi ni cha Abu Dharr. Huyu alikuwa sahaba wa mwanzo mwanzo, mchaji Mungu, mtu asiyejali mali. Siku moja aligombana na mtu akamtukana kwa mama yake. Wapokezi wengine wanasema aliyetukanwa ni Bilal, yule mwadhini mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Habari zikamfikia Mtume. Hakumwambia Abu Dharr kuwa swala zake zitamfunika. Alimwambia kuwa yeye ni mtu ambaye bado ana ujahiliya ndani yake. Kisha akaeleza kuwa wanaowatumikia watu ni ndugu zao, basi wawalishe wanachokula wao, wawavishe wanachovaa wao, na wasiwabebeshe kazi iliyowazidi nguvu bila kuwasaidia. Miaka mingi baadaye mtu mmoja alimkuta Abu Dharr mahali paitwapo Rabadha, amevaa vazi, na mtumishi wake amevaa vazi kama lile lile. Alipoulizwa sababu, ndipo aliposimulia kisa hicho cha aibu yake mwenyewe. Nampenda kwa hilo. Angeweza kutoa jibu lolote zuri, lakini alisema: nilimtukana mtu.

Na Mtume mwenyewe je? Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi, tangu akiwa mtoto, na alikuja kushuhudia kuwa katika muda wote huo hakumsikia akimguna hata mara moja, wala kumwuliza mbona umefanya hivi au mbona hukufanya vile. Miaka kumi! Mimi nilishindwa usiku mmoja.

Huku kwetu pwani watu wa zamani walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi tunaolifanyia mtihani. Ramadhani ikikaribia watu huombana radhi: jirani kwa jirani, mke kwa mume, mtoto kwa wazazi. Anayekwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba akitaka asamehewe, kwa maana hajui kama atarudi. Na mtu akifa, kabla hajazikwa, jamaa yake husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Asili yake iko mbali: Mtume aliwahi kuletewa jeneza amswalie maiti, akauliza kama ana deni. Alipoambiwa analo na hakuacha cha kulilipa, aliwaambia wenzake wamswalie wao, mpaka sahaba mmoja, Abu Qatada, alipoahidi kulilipa yeye. Zilikuwa dinari chache tu. Siku hizi, naona, tumeanza kuombana radhi kwa kutuma ujumbe mmoja wa simu kwa watu 200 kwa pamoja. Sina hakika kama yule uliyemtukana hasa yumo katika orodha hiyo. Mpishi wangu hakuwamo.

Tulipofungua shule nilikwenda moja kwa moja jikoni. Nikamkuta mpishi mwingine. Mzee alikuwa amestaafu. Nilirudi bwenini nikajidanganya kwa majuma matatu hivi kwamba basi, jambo limenipita, nitamwombea dua. Kila nikisimama kuswalisha, sauti ya babu. Mwishowe nikaomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, nikaandamana na rafiki yangu mmoja siku ya Jumamosi, tukauliza njia mpaka ng'ambo ya mto.

Tulimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nilimwamkia shikamoo, na kwa mara ya kwanza nikamwita kwa jina lake, ambalo ilinibidi kuliuliza kwa yule mpishi mpya. Nikamweleza kilichonileta. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinipotea, nikasema tu kwamba nilimkosea usiku ule wa mvua na ninamwomba radhi.

Akasimamisha panga. "Nilikusikia siku ile," akasema. "Uliuliza nani alinifunza kupika. Ni mama yangu. Alikuwa akipikia watu matangani."

Sikuwa na la kujibu. Rafiki yangu alikuwa anatazama chini. Mzee akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi, kijana, yameisha." Akauliza kama mpishi mpya hufunika kuni mvua ikianza kunyesha. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akarudi kukata majani yake.