Hesabu ya Kamera na Fagia

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, wauza mitumba wa soko la Fig Tree pale Ngara hufungua marobota na kuanza kuchambua. Nguo safi, isiyo na doa wala kifungo kilichopotea, huitwa kamera. Hiyo hutundikwa mahali pa kuonekana na bei yake ni ya heshima. Iliyobaki humwagwa kwa rundo, nayo ni fagia. Nimefundisha hisabati ya sekondari kwa miaka mingi, na fumbo ninalompa kila mtahiniwa wa kidato cha nne anayekuja kwangu kwa mara ya kwanza limetoka hapo:

Mama mmoja mfanyabiashara alinunua robota la mashati 200 kwa shilingi 18,000. Mashati ya kamera aliyauza kwa shilingi 250 kila moja, na ya fagia kwa shilingi 100. Alipoyauza yote alipata faida ya shilingi 14,000. Mashati ya kamera yalikuwa mangapi?

Wengi hushika kalamu kabla hawajafika kwenye alama ya kuuliza. Wanaona 200, 18,000, 250, 100 na 14,000, basi wanaanza kuzigawanya na kuzijumlisha, wakitumaini kwamba katika pilkapilka hizo jibu litajitokeza. Nikimuuliza aliyekwama, "Huyu mama alipokea pesa ngapi kwa wateja wake wote?" ananyamaza kidogo, kisha anajibu elfu kumi na nne. Hiyo ni faida. Mwanafunzi huyohuyo akiachiwa kibanda cha mamake kwa nusu saa, hawezi kuchanganya mauzo na faida hata kidogo. Kwa hiyo hesabu anaijua. Kilichomshinda ni kusoma.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwaambia watoto wa shule ya msingi kwamba melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, kisha wakawauliza nahodha ana umri gani. Kati ya watoto 97, 76 walitoa jibu kwa kuzifanyia hesabu nambari walizopewa. Watoto wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefunzwa kwamba kila swali la hesabu lina jibu, na kwamba jibu hupatikana kwa kuzichanganya nambari zilizoandikwa. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayekariri kwamba neno la jumla maana yake ni kujumlisha, na neno la kubaki maana yake ni kutoa, amefunzwa vivyo hivyo. Mimi huwasihi wanafunzi wangu waiache kabisa njia hiyo. Katika fumbo letu neno "faida" limo, na kitu cha kwanza kinachotakiwa kufanywa ni kujumlisha.

Uzito wa jambo hili unajulikana na kila mzazi mwenye mtoto Jamhuri High, Ngara Girls au shule nyingine yoyote ya humu nchini. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ndio mlango wa chuo kikuu. Anayetaka shahada anahitaji wastani wa C+. Tangu mtihani wa 2023, wastani huo unakokotolewa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyoyafanya vizuri zaidi. Hisabati haikwepeki. Karatasi ni mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, ya pili ina manane na mtahiniwa huchagua matano. Mafumbo yamesambaa kote: kodi ya mshahara, ununuzi wa malipo ya polepole, mabomba yanayojaza tangi, mchanganyiko wa majani chai, magari mawili yanayofuatana barabarani.

Sasa turudi kwenye robota. Ninapoketi na mwanafunzi, namwomba afunike karatasi na anisimulie kisa kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote anayoiongea nyumbani, bila kutaja nambari hata moja. "Kuna mama alinunua mashati. Mengine mazuri akauza bei ya juu, mengine bei ya chini. Akahesabu, akaona amepata faida. Tunataka kujua mazuri yalikuwa mangapi." Akiweza kusema hivyo, ameshalielewa fumbo. Asipoweza, hakuna haja ya kugusa kalamu. Na asome tena.

Kisha tunabahatisha. Watu hudhani kubahatisha ni dhambi katika hisabati, lakini kwa mafumbo ndiyo njia bora ya mazoezi ninayoijua, mradi ukishabahatisha uhakikishe. Tuseme mashati ya kamera yalikuwa 50. Basi ya fagia ni 200 kutoa 50, yaani 150. Pesa za kamera ni 250 mara 50, sawa na 12,500. Za fagia ni 100 mara 150, sawa na 15,000. Jumla 27,500. Mama alipaswa kuwa na ngapi? Gharama 18,000 na faida 14,000: jumla 32,000. Kubahatisha kwetu kumekosea. Lakini tazama tulichofanya: kila hatua ya kuhakikisha tumeshaiandika. Pale palipokuwa na 50, weka k. Pesa za kamera ni 250k, za fagia ni 100(200 − k), na zikijumlishwa ziwe 32,000. Mlinganyo umezaliwa wenyewe, bila mwanafunzi kuambiwa autunge. Ukiufungua unapata 150k = 12,000, na k ni 80.

Kuna njia nyingine, ya mtu wa sokoni. Chukulia mashati yote ni fagia: ungeuza 20,000. Umeuza 32,000, zimezidi 12,000. Kila shati la kamera linakuongezea 150 juu ya bei ya fagia. Gawanya, unapata 80. Ni hesabu ileile, ila haina herufi. Mwanafunzi akiziona njia mbili zimekutana mahali pamoja, woga humtoka. Ndiyo maana fumbo moja lililofanywa kwa njia mbili nalithamini kuliko karatasi tano za mitihani iliyopita zilizokimbiliwa kwa usiku mmoja.

Herufi zenyewe zina mtego wake, na hata wasomi hunaswa. Mwaka 1981 watafiti Clement, Lochhead na Monk wa Marekani walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa uhandisi waliambiwa kwamba chuoni kuna wanafunzi sita kwa kila profesa mmoja, kisha waandike hilo kwa herufi: S iwe idadi ya wanafunzi, na P idadi ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na kosa la kawaida lilikuwa kuandika 6S = P, wakiiweka sita upande usio wake. Mimi hulileta swali hili kwenye matatu: kila gari lina konda mmoja na abiria 14. Ikiwa A ni idadi ya abiria na K ni idadi ya makonda, wengi huandika 14A = K, kwa sababu wanaisoma A kama neno "abiria". A si abiria. A ni idadi. Weka magari matatu: makonda 3, abiria 42. Je, 14 mara 42 ni 3? Basi mlinganyo ni A = 14K. Nusu dakika ya kujaribu kwa nambari ndogo ingeokoa alama nyingi mno.

Kisha kuna lugha ya mtihani. Karatasi huandikwa kwa Kiingereza, na mpangilio wake haufuati fikra zetu. Kiingereza kinaweza kuitanguliza tano, kisha kikataja pungufu, mwisho ndipo kikasema ni pungufu ya mara mbili ya nambari fulani. Mwanafunzi anayeandika kwa kufuata maneno huandika 5 − 2x. Mwambie alisimulie kwa Kiswahili: "Chukua nambari, izidishe mara mbili, kisha toa tano." Ataandika 2x − 5 bila kusita. Saa pia: gari linaloondoka saa mbili asubuhi kwetu, kwenye karatasi limeondoka saa nane. Ukishika hesabu ya upande mmoja hadi mwisho hakuna tatizo. Hatari ni kuchanganya.

Kwa asilimia nina swali moja tu, nalo nalirudia hadi wanalikariri: asilimia ya nini? Muuza viatu alinunua jozi kwa shilingi 1,500. Anataka kuandika bei ambayo hata akimpunguzia mteja asilimia 10, abaki na faida ya asilimia 20. Wanafunzi hujumlisha, wakapata 30, wakaandika 1,950. Lakini ile 20 ni ya bei ya kununulia, na ile 10 ni ya bei iliyoandikwa. Faida yake ni 300, kwa hiyo lazima apokee 1,800; hizo ni asilimia 90 ya bei iliyoandikwa, ambayo basi ni 2,000. Na mwendo wa wastani ni ndugu yake. Matatu ikienda kilomita 40 alfajiri kwa mwendo wa 80 kwa saa, ikarudi kwenye foleni kwa 20, wastani si 50. Imetumia nusu saa kwenda na saa mbili kurudi: kilomita 80 kwa saa mbili na nusu, yaani 32. Aliyewahi kukwama Pangani jioni anajua kwamba saa mbili za foleni zina uzito zaidi kuliko nusu saa ya barabara tupu.

Siku ya mtihani, dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Fumbo la alama tatu lina dakika nne na nusu, na moja kati ya hizo itumike kusoma tu. Andika kila hatua, kwa sababu mtahini hutoa alama za njia kando na alama za jibu sahihi; aliyeandika 250k + 100(200 − k) = 32,000 kisha akakosea kugawanya hajatoka mikono mitupu.

Wiki tatu kabla ya likizo huwaagiza wanafunzi watunge mafumbo yao wenyewe kutokana na mambo ya nyumbani. Mmoja aliniletea la chapati: mamake hutumia unga pakiti kadhaa, huuza chapati shilingi 20 na madondo shilingi 50 kwa sahani, na jioni moja alikuwa na shilingi 3,400. Aliuza chapati ngapi? Nilimwambia abahatishe kwanza. Akabahatisha 70, ikabaki 2,000, sahani 40, ikakubali. Akabahatisha 120, ikabaki 1,000, sahani 20, nayo ikakubali. Akanitazama, akachukua kifutio, na juu ya mstari wa mwisho akaongeza kwamba kila aliyenunua sahani ya madondo alichukua chapati mbili, na hakuna aliyenunua chapati peke yake. Kisha akaanza kubahatisha upya, akaona 3,400 haigawanyiki kwa 90, akaenda kumuuliza mamake ile jioni walihesabu vipi.