Kutoa moduli ya switchi: kwanza watu wa chini wajue

Ndugu wachimbaji, pia ninyi bamama mnaobaki nyumbani kungojea ekipi ya usiku ipande: tukisema usalama wa mgodi, tunazoea kusema mambo ya mawe, baruti, vantilateri na pompi. Leo tuseme juu ya sanduku ya chuma inayokaa mu chumba cha baridi kule juu, na zile ndogo zinazokaa chini ya udongo. Mafundi wanaiita switchi.

Switchi ni njia panda ya habari. Mu migodi mingi ya leo, simu za chini, kamera za konveya, vyombo vya kupima gazi na upepo, hata ile kadi inayoonyesha nani iko chini, vyote vinapita mule. Switchi ikinyamaza, wa juu hawaoni tena wa chini.

Ile kubwa inafanana na kabati ya droo. Kila droo ni moduli: moja inaingiza umeme, nyingine inapuliza upepo, nyingine inapokea kabulo na fibri. Moduli ikikufa, mara nyingi fundi anaweza kuitoa na kuweka ingine bila kuzima kabati nzima. Njo maana shefu wa haraka anasema: «Toa tu, haina neno, mashine inaruhusu.» Kweli, mashine inaruhusu. Lakini ruhusa ya mashine si ruhusa ya mgodi.

Kwanza watu

Mbele ya kugusa moduli, fundi aulize: ni nani anapita humu? Fibri ya mgodi mara nyingi inawekwa kama duara, kusudi ikikatika upande mmoja, habari izungukie upande mwingine. Ni vizuri. Lakini kama ncha mbili za duara zote zinaingia mu moduli moja, ukiitoa umekata njia zote mbili kwa mkono mmoja. Hapo duara haisaidie kitu.

Kwa hiyo kazi hiyo ifanywe wakati ekipi inabadilishana na baruti haijawekwa. Mashefu wa chini waambiwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na redio ya akiba iwe tayari. Moduli mpya iwe imefika mkononi, si ile «iko njiani inakuja».

Kisha mwili wa fundi

Pete, saa na mnyororo vinatoka kwanza. Chuma ikigusa umeme, inachoma mpaka nyama.

Kabati kubwa zinakuwa na moduli mbili za kuingiza umeme. Ukizima moja, ile ingine inaendelea kulisha kabati. Usidanganyike. Kwa ile unayotoa, zima kibonyezo, kisha chomoa kabulo yake. Kama umeme unatoka ku betri za volti 48, kata ku dijonkteri, funga na kadenasi yako, weka jina lako, halafu pima. Ufunguo ukae mu mfuko wako, si wa mtu mwingine.

Fibri nayo inabeba mwanga wa lazeri ambao jicho haioni. Usichungulie ndani ya ncha yake kuona kama «inawaka». Hakuna kitu utaona, lakini jicho inaweza kuumia. Kuna chombo cha kupimia.

Bangili si mapambo

Ukitembea na nguo kavu, mwili unashika umeme kidogo. Wewe unausikia tu ukifika karibu volti 3000, lakini vipande vya ndani ya moduli vinaweza kuharibika kwa chini ya volti 100. Ubaya ni huu: moduli haikufi palepale. Inaweza kufanya kazi leo, ikukufie kisha miezi miwili, saa sita ya usiku, watu wako chini.

Dawa yake ni bangili ya mkono yenye waya wa kufunga ku chuma ya kabati, na kabati yenyewe iungwe ku tere. Kuna wanaojitengenezea na waya wa shaba mtupu. Hapana! Ndani ya bangili ya kweli kuna rezistansi ya omu milioni moja karibu, ya kulinda fundi akigusa umeme kwa bahati mbaya. Waya mtupu unamfunga mtu ku hatari.

Kutoa na kuweka

Andika jina ku kila kabulo mbele ya kuichomoa. Toa fibri kwanza, ifunike na kofia yake, halafu moduli. Legeza visi, fungua vishikio vyote viwili pamoja, vuta polepole; mkono mwingine ushikilie chini. Ile nzito ni ya watu wawili. Ukiweka mpya, isiingie kwa nguvu: ikikataa, toa, angalia reli zake. Moduli ya upepo isikawie nje, kabati itapata joto. Shimo lililobaki wazi lifunikwe na kifuniko chake, juu vumbi ya mgodi haina huruma, na upepo ungepita mahali pabaya.

Ikiisha, usiseme «imewaka, twende». Piga simu ngazi kwa ngazi mpaka chini ijibu.

Tunachoomba

Kila kampuni inapashwa kuwa na komite ya usalama, usafi na upambaji wa mahali pa kazi. Ndugu madelege, pelekeni mambo haya kule: karatasi ya ruhusa kwa kila kazi ya switchi, watu wawili, bangili, kadenasi, moduli ya akiba mu stoki. Bei yake ni ndogo. Na fundi anayekataa kuvuta moduli mbele ya watu wa chini kujua, asiitwe mvivu. Analinda bwana ya mtu na baba ya watoto.