Asiyekubali Kushindwa, na Anayemtazama

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hutajwa mno viwanjani, na aghalabu huelekezwa kwa mchezaji aliyefungwa, ili afute machozi na kumpa mwenzake mkono. Ni nadra kuelekezwa kwa umati uliosimama kandokando ya mstari, ilhali umati huo ndio wenye haja nayo zaidi.

Tuchukue mfano wa mechi ya kandanda baina ya shule mbili za sekondari mjini Garsen. Wageni wamewasili na vumbi la safari mwilini. Wenyeji wamejaa pembezoni: wanafunzi wa sasa na wa zamani, wazazi, hata waendeshaji bodaboda walioegesha pikipiki zao kwa muda. Mwanzoni watu hushangilia tu. Refa akiamuru penalti dhidi ya wenyeji, mambo hugeuka. Huzomewa refa, kisha huzomewa mpigaji. Hatimaye huzuka sauti isiyohusu mpira hata kidogo: sauti ya kumkumbusha kijana wa miaka 16 kabila lake, kijiji chake na kazi ya babake, iwe ni ya jembe au ya kuchunga ng'ombe.

Pengine kwingineko sauti kama hiyo ingepotea hewani. Katika Tana haipotei. Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji wameishi kando ya mto mmoja kwa vizazi vingi, wakiuziana nafaka na maziwa. Lakini pia wamezikana kwa sababu ya ardhi na njia za mifugo za kuendea maji. Damu ilimwagika mwaka wa 2001. Ilimwagika tena mwaka wa 2012, pale watu zaidi ya 50 walipouawa kijijini Riketa kwa siku moja, tarehe 22 Agosti. Kabla ya machafuko hayo kutulia, waliokufa walikuwa wamepita 100, na maelfu walikuwa wameyahama makwao. Yamkini kijana anayezomewa ana jamaa aliyezikwa wakati huo. Yamkini anayemzomea naye anaye.

Wapo watakaosema kwamba huo ni utani tu, na kwamba mpira bila utani haunogi. Nakubali kwamba utani ni hazina ya jamii zetu. Hata hivyo, utani una kanuni zake. Watani hujuana na hukubaliana, na anayetaniwa ana haki ya kujibu. Je, mpigaji penalti atamjibu nani? Akifungua kinywa kuutukana umati, refa atamtolea kadi. Maneno anayorushiwa mtu aliyekatazwa kujibu hayawezi kuitwa utani. Hayo ni matusi.

Sisi tunaofundisha isimu huwaonyesha wanafunzi jinsi kitenzi kimoja kinavyozaa vingine. Kutokana na *shinda* tunapata *shindwa*, na pia *shindana*. Kiambishi *-an-* kilichomo katika *shindana* kinadai watu wawili, wala hakuna awezaye kushindana peke yake. Kwa hiyo mpinzani ni sehemu ya maana yenyewe ya mchezo. Anayemfukuza mgeni kwa matusi amewanyima vijana wake mtu wa kushindana naye, na hata ushindi watakaoupata hauna thamani.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji husahau. Michezo ya shule zetu hupanda ngazi kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, eneo la Pwani, kisha taifa. Shule itakayoshinda katika kaunti ndiyo itakayokwenda kukabiliana na mabingwa wa Kilifi, Mombasa, Kwale, Lamu na Taita Taveta. Kijana aliyezomewa leo Garsen, Hola au Bura atavaa kesho jezi ya Tana River nzima. Je, waliomtusi watakuwa na uso gani wa kumshangilia?

Sisemi watu wanyamaze. Ngoma na zipigwe, na jina la shule liimbwe hadi sauti zikauke. Ninalolitaka ni dogo na halihitaji bajeti. Mwalimu mkuu wa shule mwenyeji, kabla ya kipenga cha kwanza, awaambie watazamaji wazi kwamba kabila na ukoo wa mtu haviingii kiwanjani. Wazee wa pande zote mbili waalikwe na waketi pamoja, wala si kila upande na mti wake. Walimu wasimame miongoni mwa wanafunzi wao, na wawe wa kwanza kulipigia makofi bao zuri la wageni, kwani mtoto huiga alionalo. Nao wenyeji wakumbuke kwamba tumeambiwa tangu zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na bembelezi la akina mama wa Kipokomo. Leo huimbwa na watoto wa kila kabila, wakiwamo Waorma, wakiwa wamesimama wima chini ya bendera moja. Wanaoweza kuimba pamoja asubuhi hawashindwi kutazamana kwa heshima jioni, hata kama upande mmoja umefungwa mabao matano.