Mboga za bibi zarudi uani, na masharti yake

Ilikuwa siku ya nane ya Ramadhani, jua likikaribia kuzama, na sufuriani mwetu mlikuwa na kisamvu cha mpira kilichokatwakatwa vizuri kama tembele. Majani yalitoka uani kwetu wenyewe, katika mti ambao jirani alitupa kipande chake miaka miwili kabla, na hiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuupika. Muda ulikuwa mfinyu na kinu kilikuwa kimeazimwa, basi tukaona kisu kinatosha. Tukafunika sufuria ili mboga iive haraka. Baada ya sala ya Magharibi tulikula, na kabla ya Isha binti yetu wa miaka tisa, aliyekuwa akijizoeza kufunga, alisema kichwa kinamzunguka. Akatapika mara mbili, kisha akalegea. Usiku ule hatukwenda Tarawehe. Tuliumaliza kwenye benchi la zahanati, tukimtazama mtoto akipumua huku dripu ikidondoka.

Alhamdulillahi, kulipopambazuka alikuwa akiomba uji. Lakini tulipompigia simu bibi yake aliyeko Pangani na kumweleza tulivyopika, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Wanangu, kisamvu mmekikata? Kisamvu hakikatwi, hutwangwa. Na ni nani aliyewafundisha kukifunika?"

Ndugu msomaji, tumeona tuanze na aibu yetu kwa sababu siku hizi ni wengi wanaorudi kwenye mboga ambazo wazazi wetu walizila na sisi tukaziacha. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba tumeurithi mti bila kurithi maelezo yake.

Mti huu wenyewe una historia ndefu kuliko tunavyodhani. Si wa asili ya huku. Umetoka kaskazini-mashariki mwa Brazil, na ni ndugu wa karibu wa muhogo. Wajerumani waliuleta ili wakamue utomvu wake na kutengeneza mpira, wakaupanda katika mashamba makubwa, yakiwemo ya Tanga. Bei ya mpira ilipoanguka duniani mwaka 1913, biashara ikafa na miti ikabaki. Wenyeji wakaona kuwa majani yake yanalika kama kisamvu cha muhogo, tena hupatikana hata wakati wa kiangazi, kwani mti una mizizi mirefu. Ndiyo maana mpaka leo tunauita mpira ingawa hakuna anayekumbuka kuukamua.

Majani ya muhogo na ya mpira yana kemikali ambayo jani likipondwa hutoa sumu iitwayo sayanidi. Ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu na wanyama. Kutwanga huivunja kemikali hiyo jani lingali bichi, na sumu ikishatoka haikai, kwani huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu za Sentigredi. Ukichemsha kwa muda mrefu bila kufunika, inaondoka na mvuke. Wengine humwaga na maji ya kwanza. Sisi tulikata badala ya kutwanga, tukafunika badala ya kuacha wazi, tukapika kwa dakika chache, kisha tukampa mtoto ambaye tumbo lake lilikuwa tupu tangu alfajiri. Hakuna kosa tuliloliruka.

Wapo watakaosema tunatia chumvi. Tuwakumbushe yaliyotokea mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambako zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Mwaka 1985 maradhi hayo yalionekana wilayani Tarime, mkoani Mara. Kote kuwili kulikuwa na ukame. Watu walikuwa wakila muhogo mchungu karibu peke yake, na kwa sababu ya njaa walifupisha siku za kuutayarisha. Hawakuwa wajinga wa kazi ile. Walikuwa na haraka, na haraka yao ilikuwa na sababu nzito kuliko yetu.

Baada ya usiku ule tulitaka kung'oa kila kitu. Aliyetuzuia ni bibi, ambaye alikuja mwenyewe kwa basi akiwa na mfuko wa mbegu na vipande vya mashina. Ua wetu si mkubwa: hatua kumi kwa sita, na robo yake imechukuliwa na shimo la choo. Bibi alitembea humo kama mkaguzi, kisha akaamuru mambo mawili. Upande wa choo usipandwe mboga ya majani. Na maji ya udhu yasimwagwe tena barabarani.

Hili la pili lilitushangaza, halafu likatuonea aibu kwa jinsi lilivyo wazi. Nyumba yetu ina watu saba. Hata wanaume wakitoka kwenda msikitini na watoto wakiwa madrasa, maji yanayotumika nyumbani kwa udhu kwa siku hujaza ndoo mbili kubwa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika mwambao, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi hayafai kutawadhia tena, lakini yenyewe ni tohara. Mmea hauna haja ya zaidi. Tulitengeneza jukwaa dogo la saruji lenye mfereji unaoelekea kwenye matuta, na kuanzia hapo hatukununua maji ya bustani. Tahadhari ni kwamba isiwe kisingizio cha kumwaga ovyo: imepokewa kuwa Mtume (SAW) alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika hata lita. Bibi alipowaona vijana wakifungua bomba hadi mwisho eti mboga zinywe, aliwakabidhi birika.

Maji ya mitaro ya mtaani ni jambo jingine kabisa. Mboga nyingi za mijini humwagiliwa kwayo, na humo mna mayai ya minyoo na vijidudu vya kuharisha. Aliye na ua, hata wa ndoo tano na magunia matatu ya udongo, ana njia ya kujua alichokula.

Mmea wa kwanza kupandwa na bibi ulikuwa nderema. Tunakiri kwamba hatukuujua. Ni mtambaazi wenye majani manene yanayong'aa, mashina yake ya kijani au ya zambarau, na tunda dogo jeusi ambalo watoto hulipasua kwa ajili ya wino wake. Hupenda joto na unyevu, na ile jua ya Januari inayounguza mchicha yenyewe inaistahimili iwapo inapata maji. Huhitaji mbegu, kata kipande chenye vifundo vitatu, kichomeke kwenye udongo wenye samadi iliyooza, na baada ya wiki chache kitaanza kupanda chochote kilicho karibu. Inapopikwa huteleza kidogo kama bamia, kwa hiyo asiyependa mlenda hataipenda. Itiwe nazi mwishoni, isikae motoni muda mrefu. Sisi sasa tunaitafuta kuliko mchicha.

Ila nderema haitambui mpaka. Ilipanda ukuta ikashukia upande wa pili, kwenye nyumba yenye wapangaji sita, nao wakaanza kuchuma bila kubisha hodi. Tulinung'unika. Mmoja wetu alipendekeza kuikata juu ya ukuta. Bibi alimwuliza kama amesahau mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba Muislamu akipanda mmea, anacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama huandikiwa sadaka, na katika mapokezi ya Imam Muslim hata kilichoibiwa humo kimetajwa. Aliyependekeza akaweka kisu chini. Mwezi uliofuata wapangaji wale walitubishia hodi, wakiwa na gunia la mavi ya kuku.

Kuhusu mlonge tutasema machache, kwa kuwa umesemwa mno. Ni mti wenye asili ya India ya kaskazini, hukua haraka ajabu, huvumilia ukame, na majani yake ni lishe ya kweli: yana protini, vitamini A na madini ya chuma. Ukatwe mara kwa mara usipite urefu wa mtu, la sivyo majani yatakuwa ya kunguru. Lakini wanaotangaza kwamba unatibu maradhi mia tatu wanauza unga, hawafundishi afya. Mizizi na magome yake yasiliwe, hasa na mama mjamzito, na mwenye kutumia dawa za kisukari aongee na daktari kwanza, maana mlonge huweza kushusha sukari.

Mgagani na mnavu ni rafiki wa mwanzoni mwa mvua. Mbegu za mgagani zilizovunwa karibuni hugoma kuota, ziachwe miezi kadhaa. Na ukiuondoa ua kila linapochomoza, mmea huendelea kutoa majani. Mnavu huliwa majani yaliyopikwa, na tunda bichi la kijani watoto wakatazwe. Kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha tangu mwaka 1992 kimezishughulikia sana mboga hizi za asili, na mbegu zilizoboreshwa hupatikana madukani.

Kwa wanaofikiria meza ya futari, rosela, ambayo wengine huiita choya, inastahili pembe ya ua. Inataka subira ya miezi kadhaa, na hutoa maua siku zinapofupika, kwa hiyo anayeipanda wakati usiofaa atapata kichaka bila vikonyo vyekundu. Vikonyo hivyo vikikaushwa ndivyo watu wa Sudan na Misri wanavyotengenezea karkade. Hushusha shinikizo la damu kwa kiasi, basi mwenye kutumia vidonge vya shinikizo asizidishe.

Birimbi nayo tunaijua pwani kwa achari na mchuzi wa samaki, na kwa kiasi hicho haina neno. Wapo, hata hivyo, wanaoikamua na kunywa juisi yake kwa bilauri wakitafuta kupunguza mafuta mwilini. Huko Kerala, India, madaktari wameripoti wagonjwa ambao figo zao ziliharibika baada ya kunywa juisi hiyo, kwa sababu tunda lina asidi ya oksaliki nyingi mno. Tulilisoma hilo tukamwonyesha bibi. Alisema kwao Pangani hakuna aliyewahi kufikiria kunywa birimbi.

Mti wa mpira bado umesimama. Tulibishana kwa muda mrefu juu yake, na baba wa nyumba alikuwa amekwisha kulinoa panga. Aliyeamua ni binti mwenyewe. Mwishoni mwa Shawwal alimwambia bibi yake kwamba anataka kujua kinavyopikwa. Wakachuma majani machanga, wakatwanga mpaka yakawa laini, binti akishika mchi kwa mikono miwili. Kikachemka bila kifuniko kuanzia baada ya Adhuhuri hadi karibu na Alasiri, ndipo nazi na kunde zikafuata. Sisi wakubwa tulionja kwanza, tukasubiri. Yeye alikaa mkekani akiitazama saa ya ukutani, akiuliza kila baada ya dakika tano kama tunajisikia vizuri.